Mama mdogo anatibiwa kansa: tumwambie nini?

Majibu kwa familia za Bukavu zinazouguza ndugu.

Tangu aanze kemoterapia, zile dawa kali za kansa, mama mdogo hataki kuongea. Tufanyeje?

Msimlazimishe. Na lile neno "jikaze, utapona" liacheni kwanza. Linamfunga mdomo, maana akilia ataonekana ameshindwa. Keti karibu naye, umuulize: "Leo tuongee, ama tukae tu?" Akisema anaogopa kufa, usigeuze maneno. Mwambie, "Nimekusikia, mama. Nini kinakuogopesha zaidi?" Pengine ni watoto: nani atawalipia masomo, nani atawapikia. Hapo mna la kufanya. Gawaneni kazi mbele yake, kwa majina, ajue nani atashika nini. Hofu haiishi, lakini hataibeba peke yake usiku.

Anakataa hata sambaza alizozipenda. Ametukasirikia?

Hapana. Dawa hubadilisha ladha mdomoni, na harufu ya samaki wa kukaanga inaweza kumtapisha. Pikeni mbali na anapolala, mpeni kidogo kidogo. Sahani ikirudi na chakula, ichukueni bila kumgombeza. Asipoweza hata kunywa maji, mwambieni daktari.

Nywele zinatoka.

Kwa dawa nyingi zinazong'oa nywele, huanza wiki ya 2 au ya 3 tangu aanze dawa, na kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Kunyoa ama kujifunga kitambaa, aamue yeye.

Wageni wanasema amerogwa, wengine wanaogopa kumshika.

Kansa haiambukizi. Mshikeni mkono, kaeni naye. Wa kuzuiwa ni mwenye kikohozi au homa, kwa sababu dawa hupunguza kinga ya mgonjwa. Na anayemshauri aache matibabu, mtu mmoja wa familia amtoe nje kwa heshima, kabla mgonjwa hajamaliza kumsikiliza.

Akivuka mpaka kutibiwa Butaro, Rwanda?

Kituo kile cha kansa, kilichofunguliwa 2012, ni mbali na nyumbani. Mpigieni simu saa ileile kila siku. Msimuulize ugonjwa tu. Mpeni habari za Kadutu, bei za sokoni, sauti za watoto.

Lini tusingoje?

Homa ikifika digrii 38 wakati wa kemoterapia, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Akisema anataka kujiua, msimwache peke yake, na mwambieni daktari siku hiyohiyo. Huzuni ikizidi wiki 2, halali, hataki mtu, mwambieni muuguzi: hiyo nayo ina matibabu.