Ualkali Uliosalia: Maana Yake kwa Anayepika Bia Nyumbani

Anayeanza kupika bia kwa kimea cha shayiri husikia mapema sana habari za maji magumu na maji laini, kisha hudhani kwamba ugumu ndio wa kurekebishwa. Kipimo kinachomfaa zaidi ni ualkali uliosalia, dhana aliyoieleza mtaalamu wa Kijerumani Paul Kolbach mwaka 1953.

Ualkali ni uwezo wa maji kuimeza asidi, na katika maji mengi kazi hiyo hufanywa na bikaboneti. Kimea kinapolowekwa katika maji ya moto, kalsiamu iliyomo majini hushikana na fosfati ya kimea, huzama kama mashapo, na papo hapo asidi huachiliwa, ambayo hula sehemu ya ualkali ule. Magnesiamu hufanya vivyo hivyo kwa nusu ya nguvu. Kinachobaki baada ya mvutano huo ndicho ualkali uliosalia. Kikiwa kikubwa, pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, asidi imepungua) ya uji wa kimea hupanda juu ya kiwango kinachotakiwa, yaani 5.2 hadi 5.6 katika sampuli iliyopozwa, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari huzorota, na maganda hutoa tanini zinazoacha ukakasi ulimini.

Hesabu yake ni nyepesi ikiwa vipimo vyote vimeandikwa kama kalsiamu kaboneti. Tuseme maji yana ualkali wa miligramu 150 kwa lita, ugumu wa kalsiamu 105 na wa magnesiamu 35. Gawanya 105 kwa 3.5 upate 30, gawanya 35 kwa 7 upate 5, kisha toa 35 katika 150: zimesalia 115, ambazo ni nyingi mno kwa bia ya rangi ya dhahabu.

Hapo ndipo sifa za miji ya bia zinapoeleweka. Maji ya Plzeň, Ucheki, ni laini na hayana cha kusalia. Yale ya Burton upon Trent, Uingereza, ni magumu kupindukia, lakini jasi (salfati ya kalsiamu) ya ardhini imeyajaza kalsiamu inayokabili bikaboneti, ndiyo maana bia ang'avu zilistawi pale. Maji ya Dublin, Ireland, yana bikaboneti bila jasi ya kutosha, na shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ndiyo iliyoleta asidi iliyokuwa ikikosekana.

Kwetu kuna mfano ulio kinyume. Maji mengi ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa, yakiwemo ya pande za Arusha, ni ya sodiamu na bikaboneti: sabuni hutoa povu vizuri, birika halishiki ukoko mweupe, na mtu huyaita laini, ilhali ualkali wake umebaki karibu wote. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa hakuna kalsiamu ya kutosha ya kuishusha bikaboneti chini ya sufuria.

Kwa zile 115 za mfano wetu, jasi peke yake ingehitajika nyingi hadi bia ikawa chungu na kavu. Lita 20 za maji hayo hutulizwa na karibu mililita 4 za asidi laktiki ya asilimia 88. Binafsi ningetia nusu kwanza, nikoroge, nisubiri dakika kumi na kupima pH, kwa maana asidi ikishaingia haitolewi.