Fuata dhahabu, utaielewa Andalusia

Kauli ile imerudi tena: eti Wakristo na Waislamu wa Hispania walipigana miaka 781 bila kupumua, tangu jemadari Mwislamu Tariq ibn Ziyad alipovuka bahari mwaka 711 hadi Granada iliposalimu amri 1492. Si kweli, na anayeirudia hajawahi kuuliza nani alikuwa akimlipa nani.

Anzia 1031, ukhalifa wa Córdoba ulipovunjika zikabaki taifa. Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtego wake: neno ni lilelile la Kiarabu, lakini taifa ya Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, haina bendera wala wimbo. Ni kipande kilichomeguka: mji, mashamba yake, na amiri asiyemwamini jirani yake. Sevilla, Toledo, Zaragoza, Granada: dhahabu ipo, askari hawatoshi. Kwa wafalme wa Kikristo wa kaskazini (Castilla, Aragon, Navarra) ilikuwa kinyume.

Ndipo zikaja parias. Watu huzitafsiri "kodi ya kushindwa" wakapita, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Parias zilikuwa malipo ya ulinzi, na mlinzi aliwajibika kumkinga mlipaji dhidi ya yeyote, Wakristo wenzake wakiwemo. Mwaka 1063 Ramiro, mfalme wa Aragon, aliuawa akiishambulia Graus, ngome ya Zaragoza. Waliokuja kuitetea ni askari wa Castilla, kwa sababu Zaragoza ilikuwa ikiwalipa. Mwaka 1073 mfalme wa Navarra naye akaahidiwa vipande 12,000 vya dhahabu kwa mwaka na amiri huyohuyo wa Zaragoza. Rodrigo Díaz, shujaa wa Castilla aitwaye El Cid (sidi, ndugu wa "seyyid" tuliyowaitia masultani wa Zanzibar), alipofukuzwa Castilla alikwenda kutumikia Zaragoza. Mwaka 1082, huko Almenar, akamteka mtawala wa Barcelona, Mkristo mwenzake.

Mfumo huu ulijila wenyewe. Alfonso VI, mfalme wa Castilla, aliidai Granada mithkali 50,000 za dhahabu, wakapatana 30,000, kisha 10,000 kila mwaka. Amiri azitoe wapi? Anatoza ushuru ambao sharia haiutambui, anachakachua dinari, wanazuoni wanamgeuka. Toledo ilipochukuliwa 1085, al-Mu'tamid wa Sevilla na wenzake wakamwita Yusuf ibn Tashfin, mtawala wa Murabituni, kutoka Morocco. Alfonso akapigwa Zallaqa, Oktoba 1086. Miaka mitano haikutimia, Yusuf alikuwa amewang'oa wengi wa waliomwita, na al-Mu'tamid akaomba msaada kwa Alfonso yuleyule. Alifia kifungoni Aghmat, Morocco.

Hesabu ya Granada tunaipata kwa amiri wake, Abd Allah, aliyeandika akiwa uhamishoni baada ya kuvuliwa madaraka. Kiasi cha fedha nakikubali. Maneno anayoyaweka mdomoni mwa wengine nayasoma kwa tahadhari, maana alikuwa akijitetea.

Wala sikubali upande wa pili, kwamba dini ilikuwa kisingizio tu. Barbastro, mji wa Waislamu ulioshambuliwa na Wakristo 1064, wenyeji waliuawa na kutekwa watumwa hata baada ya mji kusalimu amri. Mahali imani inapoishia na tamaa inapoanzia katika siku ile, mimi siwezi kuchora mstari, na vitabu vinavyouchora huniacha na mashaka.

Lakini vita vya kambi mbili tu? Mwaka 1246 Muhammad wa Kwanza wa Granada alikubali kuwa chini ya Fernando III, mfalme wa Castilla, na kumlipa maravedi (sarafu) 150,000 kwa mwaka. Sevilla ilipozingirwa hadi kuanguka 1248, wapanda farasi wa Granada walikuwa upande wa Fernando. Granada ikaishi miaka 244 zaidi.