Mkemia wa Metali: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

“Mwanangu, wasoma dawa au wasoma sumu?” Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, siku niliyomweleza kwamba kazi yangu ni utafiti wa kemia isokaboni, yaani kemia ya metali, madini na vitu vingine ambavyo msingi wake si kaboni, hasa kampaundi ambazo ndani yake metali imeungana na kaboni. Alidhani, kama wengi wadhanivyo, kwamba dawa na sumu ni vitu viwili visivyokutana. Ukweli ni kwamba kitu kimoja huweza kuwa vyote viwili. Sisplatini, dawa ya saratani ya korodani na nyinginezo, ni atomu ya platini iliyozungukwa na atomu mbili za klorini na molekuli mbili za amonia; huua seli za saratani, na isipopimwa kwa uangalifu huharibu figo za mgonjwa. Tena haikuzaliwa ikiwa dawa. Michele Peyrone aliitengeneza katika miaka ya 1840, Alfred Werner akaeleza umbo lake mwaka 1893, na nguvu yake ya kuzuia seli kugawanyika ilijulikana mwaka 1965 tu, Barnett Rosenberg alipokuwa akichunguza athari ya umeme kwa bakteria. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa mwaka 1978. Anayemtaka mtafiti aonyeshe faida ya kazi yake kabla ya mwaka kwisha angekuwa ameitupa dawa hii zamani.

Wapo pia wanaodhani kwamba isokaboni maana yake ni kitu kisichohusiana na uhai. Vitamini B12, tuipatayo kwa samaki na nyama, ina kobalti katikati yake, na katika umbo lifanyalo kazi mwilini kobalti hiyo imeshikana moja kwa moja na kaboni.

Dhana iliyonisumbua zaidi nilipoanza kazi ni kwamba mtafiti hodari hujua aendako. Mwaka 1951, Thomas Kealy na Peter Pauson huko Pittsburgh walitaka kuunganisha pete mbili za kaboni, wakatumia kloridi ya chuma kama chombo tu cha kufikia lengo. Walichopata ni unga wa rangi ya machungwa wenye chuma ndani yake, ulioitwa baadaye ferosini, unaostahimili joto kuliko walivyotarajia, na umbo walilouchorea halikuwa sahihi. Mwaka uliofuata Geoffrey Wilkinson na Robert Woodward walipendekeza kwamba atomu ya chuma imelala katikati ya pete mbili, moja juu na moja chini. Ernst Otto Fischer wa Munich naye alifikia hapo kwa njia yake. Wilkinson na Fischer walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Huyu Wilkinson, miaka michache kabla ya ferosini, alikuwa mtu wa elementi nururifu, akifanya kazi Kanada na kisha California. Kama angeng’ang’ania fani yake ya awali, tusingelijua jina lake kwa ferosini.

Kuhusu maabara, watu hufikiria moshi na mlipuko. Sehemu kubwa ya siku yangu hupita katika kuzuia hewa: mikono imo ndani ya glavu nene zilizofungwa kwenye sanduku lililojaa naitrojeni, kwa kuwa kampaundi nyingi za aina hii huharibika zikiguswa na oksijeni au unyevu, na baadhi huwaka.

Wengine husema elimu hii ni ya ugenini. Lakini nyumba za mawe za Lamu zimesimama kwa chokaa, na chokaa ni kemia isokaboni. Matumbawe yakichomwa tanurini hadi nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa kabonidioksidi. Yakinyunyiziwa maji baadaye huchemka, hufuka mvuke na kubomoka yenyewe yakawa unga mweupe. Hayo fundi huyaona kwa macho. Asichokiona ni kwamba plasta ikishapakwa ukutani huivuta tena kutoka angani ile kabonidioksidi iliyotoka motoni, ikarudi kuwa kampaundi ile ile ya matumbawe, kuanzia juu kwenda ndani, polepole sana. Badiliko hilo linahitaji unyevu. Ndiyo sababu fundi mzoefu huinyunyizia maji plasta mpya na kuikinga na jua.