Saa iliyopoteza majira ni ipi hasa?

Juzi kwenye steshenari moja hapa Mwanga, Kigoma, kijana wa kaunta alimwambia mteja: "Mama, kompyuta imepoteza majira, ndiyo maana risiti inatoka na tarehe ya 2009." Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na linaniuma kwa sababu ni neno zuri.

Kwa kifupi, saa imepoteza majira pale mwendo wake unapokuwa wa haraka au wa polepole kuliko inavyopasa, hata kama kwa sasa inasoma sawasawa.

Majira limetoka kwenye Kiarabu, majra, yaani njia ya kitu kinachotiririka. Shina lake ndilo lililotupatia kujiri, kama tunaposema "yanayojiri". Kwa mabaharia, majira ni njia ambayo chombo hushika majini. Chombo kilichopoteza majira si lazima kiwe kimechelewa. Huenda bado kiko karibu kabisa na njia yake, ila omo, yaani sehemu yake ya mbele, imeelekea kombo, na kadiri kinavyokwenda kosa linakua. Anayetoka Kigoma kwenda Kalemie akipinda kidogo tu, ziwani haoni kitu. Ataona akifika ufukwe usio wake. Ndiyo maana wazee walisema kutia saa majira: waliirekebisha mwendo, si mishale peke yake.

Saa inayoendelea kwenda kompyuta ikizimwa hutegemea fuwele ndogo inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi. Joto nalo huibadilisha mwendo.

Sasa tazama tunavyochanganya. Betri ndogo inayoitunza saa hiyo ikifa, saa haijapoteza majira, imesahau. Msafiri akifika kutoka Bujumbura na laptopu iliyo nyuma saa nzima, nayo haina kasoro yoyote: imekuja na saa za kwao. (Redioni wakisema "kwa majira ya Afrika Mashariki", hiyo ni maana nyingine ya neno, nayo ni halali.)

Mkanganyiko huu una hasara, maana unatufanya tuamini kwamba dawa ni kusubiri mtandao urudi, kubofya kitufe, basi. Mtandao wenyewe huja na kuondoka. Hapo ni kukivuta chombo kirudi njiani huku usukani umeachwa kombo vilevile. Itifaki ya NTP ya David Mills, yaani utaratibu wa kompyuta kuulizana saa mtandaoni, iliyotolewa mwaka 1985, haidai bando kubwa: ujumbe wake wa kawaida ni baiti 48, na kompyuta hupima muda wa kwenda na kurudi ili ikadirie ucheleweshaji wa njiani. Programu ya chrony, iliyoanzishwa na Richard Curnow, inafaa hasa mashine zisizo hewani muda wote. Mtandao ukiwepo hulinganisha saa, hukadiria inakimbia au inachelewa kwa kiasi gani, na kuandika kiasi hicho kwenye faili. Mtandao ukikatika huendelea kuirekebisha saa kwa kiasi hicho hicho. Huko ndiko kutia saa majira.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kaunta, kwa ile ya 2009 mwambie mama kwamba betri ya mviringo imekwisha, inunuliwe nyingine. Kupoteza majira tuliachie ile ya pembeni yako, inayobaki nyuma karibu dakika moja kila mwezi na hakuna anayeiangalia.