Ukipiga kambi ziwani na mbwa, anza kwa kutazama upepo

Kila mwaka ifikapo Mei, barafu inapomaliza kuyeyuka katika maziwa ya Saskatchewan, nchini Kanada, Watanzania na Wakenya tunaoishi huku huanza kuniuliza swali lile lile: ni kambi gani ya kando ya ziwa inayoruhusu mbwa? Jibu lake ni fupi. Hifadhi nyingi za majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba humruhusu mbwa kulala kambini na mwenyewe, mradi afungwe kamba, ambayo katika hifadhi za Alberta haipaswi kuzidi mita 2, na mradi asikanyage ufuo uliotengwa kwa waogeleaji. Baadhi ya hifadhi zina ufuo wa mbwa, na huo huwekewa kibao. Mimi ni daktari wa wanyama, na swali ambalo ningefurahi zaidi kuulizwa ni jingine kabisa: hema lipigwe upande gani wa ziwa?

Maziwa ya nyanda hizi za nyasi hayafanani na yale ya miamba yaliyo kaskazini zaidi. Mengi hayana kina kirefu, yamelala juu ya udongo wenye rutuba ulioachwa na barafu ya kale, na yamezungukwa na mashamba ya ngano na kanola, zao la mbegu za mafuta, pamoja na malisho ya ng'ombe. Mvua na theluji inayoyeyuka husomba fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani hadi majini, na maji yanapopata joto mwezi Julai na Agosti, huchanua kile kinachoitwa mwani wa kijani na samawati, ingawa kwa kweli si mwani bali ni bakteria, yaani sayanobakteria. Aliyekulia Kisumu hahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa ameyaona maji ya Ghuba ya Winam yakigeuka kama mtu aliyemwaga humo ndoo ya rangi ya ukuta.

Si kila mchanuo wenye sumu, lakini kwa macho huwezi kuutambua wenye sumu na usio nayo, kwa hiyo kila mmoja uhesabiwe kuwa hatari. Sumu zinazotusumbua zaidi ni za namna mbili. Mikrosistini hushambulia ini: mbwa hutapika, huharisha, hulegea, fizi hupauka au kugeuka manjano, na anaweza kufa baada ya siku chache. Anatoksini-a hushambulia neva, na hiyo haimpi mtu nafasi ya kufikiri, kwa sababu mbwa huanza kutetemeka na kuyumba, hupata degedege, kisha misuli ya kupumulia husimama, pengine kabla saa moja haijaisha. Sumu hii ya pili ina historia ya huku huku: ilitambuliwa katika miaka ya 1960 na watafiti wa Kanada, akiwemo Paul Gorham, kutokana na sayanobakteria waliochukuliwa katika ziwa la Saskatchewan, na maabarani waliipa jina lenye maana ya kisababishi cha kifo cha haraka sana. Hakuna dawa inayoiondoa sumu yoyote kati ya hizo mwilini. Tunachoweza ni kumtegemeza mnyama apumue, tumtulize degedege, na kungoja.

Mbwa hudhurika kuliko mwenyewe kwa sababu ya tabia zake. Sisi tukiona maji yamechafuka tunarudi nyuma, ilhali yeye huyanywa, hutoka manyoya yametota, kisha hukaa kivulini akijilamba mpaka akauke. Tena hupenda kula ukoko uliokauka ufukweni, ambao huvunda kwa harufu inayomvutia. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, maana moto huua bakteria na kuiacha sumu.

Sasa turudi kwenye upepo. Sayanobakteria wana vifuko vidogo vya hewa vinavyowawezesha kuelea, na usiku wa utulivu hupanda juu kwa wingi. Asubuhi upepo mwepesi ukianza, huwasukuma wote na kuwarundika kwenye ufuo ulio mbele yake, hata ziwa ambalo katikati linaonekana safi likawa na utando mzito katika ghuba moja tu. Huku upepo mara nyingi hutoka magharibi au kaskazini-magharibi, kwa hiyo ghuba za mashariki ndizo za kutilia shaka kwanza. Taabu ni kwamba ufuo unaovutia unaweza kuwa upande huo huo. Grand Beach yenye mchanga mweupe, kwa mfano, iko upande wa mashariki wa Ziwa Winnipeg, ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 24,000 ambalo kina chake cha wastani ni kama mita 12 tu. Simkatazi mtu kwenda huko, nami huenda. Ninachosema ni kwamba maji yaliyokuwa safi saa mbili asubuhi yakaguliwe tena saa kumi jioni, na kwamba mwenye nafasi ya kuchagua achague upande upepo unakotoka, au joshini kama wangesema manahodha wetu wa majahazi.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Chovya kijiti: kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo kwa kawaida ni mwani wa kweli, kikitoka kama kilichochovywa kwenye rangi, mfunge mbwa. Au vaa glavu, jaza chupa ya kioo, uiache usiku kucha bila kuitikisa. Utando wa kijani ukijikusanya juu, shuku sayanobakteria.

Mengine nitayapitia haraka. Kupe huanza mara theluji inapoondoka, na sisi tuliokulia karibu na josho tunajua kupapasa masikioni na kwapani. Maziwa ya chumvi kama Little Manitou humharisha mbwa akiyanywa. Shayiri-mwitu inayoota kandokando ya maji hukomaa Julai, na vishale vyake vina miiba inayoelekea upande mmoja, hivyo vikiingia katikati ya vidole huzidi kwenda ndani. Mbwa wangu mwenyewe, Shaba, alichechemea siku tatu nikidhani amekanyaga jiwe, na mimi ndiye daktari.

Mbwa akitoka kwenye maji ya kijani, usimwache ajilambe hata kidogo. Mwoshe kwa maji safi ukiwa umevaa glavu, kisha ondoka naye kuelekea kliniki hata kama anaonekana mzima. Katika nyanda hizi kliniki inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na baadhi hazifunguliwi Jumapili, kwa hiyo namba ya simu ya iliyo wazi itafutwe kabla ya kuondoka nyumbani, mahali ambapo mtandao unapatikana. Mimi hubeba pia lita 20 za maji ya bomba kwa ajili ya Shaba peke yake, na bakuli lake hulijaza kabla sijashusha hema kutoka garini.