Filta yangu ilimfungia nje kila aliyepiga hodi

Mwaka wa kwanza nikisimamia jukwaa letu la mtandaoni la wapangaji nilifanya kosa ambalo mpaka leo wenzangu hunicheka nalo. Boti za kamari, zile programu zinazojisajili na kuposti zenyewe bila mtu, zilikua zimetuvamia, kila asubuhi unaamka unakuta posti kibao za "odi za uhakika leo", mimi bila kufikiria sana nikaingia kwa mipangilio ya filta, ile inayozuia posti zenye maneno fulani, nikafunga neno odi nikaenda kulala nikijiona mjanja. Asubuhi jukwaa kimya kama matanga. Kumbe filta ilikua inatafuta hizo herufi tatu popote zilipo, kwa hivyo kila mgeni aliyeingia na adabu zake akaandika "hodi wanajamvi" amezuiwa, kila aliyeuliza kuhusu kodi amezuiwa, na hili ni jukwaa la wapangaji jamani, tutaongea nini kama si kodi? Wiki hiyo hiyo nilikua nimefunga pia "beti" ya wacheza kamari, na kona yetu ya mashairi (kuna wazee wawili watatu pale hawakosi Ijumaa) ikafa kabisa, maana shairi bila kutaja beti ni gani hilo.

Nilijipa moyo baadaye niliposoma kwamba 1996 watu wa mji wa Scunthorpe kule Uingereza walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa sababu jina la mji wao lina tusi katikati. Sikua wa kwanza. Lakini nakwambia Kiswahili kinamuumiza zaidi mtu wa filta, kwa sababu neno letu halitulii. Chukua kukopa. Kuna mkopo, mikopo, nikakopa, tukopeshwe, mkopeshaji, wanaokopesha bila dhamana, na spama yeyote (huyo anayemwaga matangazo yasiyotakiwa) mwenye akili ya kawaida ukimfungia moja anaingia na ingine. Sasa ukisema basi nafunga mzizi wenyewe, "kop", umeshika kopo la rangi, kikopo cha kuogea, na kila anayeuliza kama landilodi anataka kopi ya kitambulisho. Filta nyingi tunazozipata zimefunzwa kwa Kiingereza, zikiona Kiswahili zinabahatisha tu, na zikiona sheng zinakata tamaa.

Halafu kuna ule mchezo wa herufi za Kirusi. Herufi zao kadhaa zinafanana na zetu kwa macho, o, p, k, a, e, lakini kwa kompyuta ni vitu tofauti kabisa, kwa hivyo mtu anaandika mkopo na herufi nne kati ya tano ni za Kirusi, wewe unasoma vizuri tu, filta haioni kitu. Hapa angalau dawa ni rahisi: neno moja lenye alfabeti mbili ndani halina sababu nzuri ya kuwepo kwenye jukwaa la wapangaji wa Nairobi, lishikwe liangaliwe na mtu.

Kilichonibadilisha mawazo ni kuelewa pesa inatoka wapi. 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Berkeley na San Diego kule Marekani walijipenyeza kwa mtandao wa boti unaoitwa Storm wakahesabu kinachoendelea, na katika imeli kama milioni 350 za kuuza dawa waliona manunuzi 28. Ishirini na nane! Na karibu yote yalikua ya vile vidonge vya nguvu za kiume, yaani ni yale yale ya mabango ya waganga kwenye milingoti ya stima. Ukisikia hivyo unasema hawa ni wajinga, lakini kutuma imeli ya ziada hakuwagharimu kitu, ndio maana hata wanunuzi 28 wanatosha. Mtu ambaye gharama yake ni karibu sufuri huwezi kumchosha kwa kufuta. Unafuta elfu, anatuma elfu kumi akiwa amelala. Kwa hivyo saa hii nikiona wimbi jipya sianzi na maneno, naanza kujiuliza huyu anataka nini hapa kwetu, na nikimnyima hicho kitu atarudi kufanya nini.

Wengi wanataka Google, sisi hata hawatuoni. Wanaacha linki ili tovuti yao ionekane ina marafiki wengi ipande juu kwenye matokeo. Tangu Januari 2005 kuna alama ya nofollow unayoweka kwa linki kuiambia injini ya utafutaji isiihesabu, na 2019 Google wakaongeza ya ugc kwa linki zilizoandikwa na wanachama. Tumeziweka zote mbili. Lakini boti haisomi alama, inapiga tu, ndio tukaenda mbele zaidi: linki ya mwanachama mpya kwetu haibonyezeki, inabaki maandishi tu, na ukurasa wake wa wasifu Google haioneshwi kabisa. Hiyo ya wasifu usiipuuze. Kuna akaunti hazijawahi kuandika hata salamu, zipo tu na linki imekaa kwa wasifu kama kupe, na nilipozitafuta mara ya kwanza nilikuta mamia.

Kapcha, ile picha ya herufi zilizopinda unayoambiwa uisome kuonyesha wewe ni mtu, tuliijaribu na bado ipo lakini siitegemei. Kuna watu wanalipwa kuzisoma hizo picha, na 2010 watafiti wa San Diego waliochunguza hiyo biashara walikuta bei imeshuka hadi karibu dola moja kwa picha 1000. Yaani ukuta wako bei yake ni hiyo. Kilichotusaidia zaidi ni swali la kienyeji pale kwa kujisajili: "Soo mbili na mbao ni pesa ngapi?" Mtu wa Nairobi anaandika 220 bila kufikiria, na zile boti za kawaida zinazozunguka dunia nzima na fomu moja zilikwama pale miezi mingi. Siku hizi kuna zinazoulizia akili bandia na zinapata, na pia wanachama wetu wawili walioko Ughaibuni tangu zamani walilalamika hawajui mbao ni nini, kwa hivyo tukabadilisha. Swali lenyewe si kitu, cha maana ni kwamba liko kwako peke yako na unaweza kulibadilisha jioni moja.

Mtego ninaoupenda ni ule wa chumba kilichofichwa: unaweka kwenye fomu nafasi ya kujaza ambayo binadamu haioni, boti inaona kila kitu inajaza, imejichoma. Ongeza na saa, mtu hawezi kujaza fomu nzima kwa sekunde mbili. Ila chunga, brauza zingine hujaza zenyewe na mtu hajui, na wasioona wanaotumia programu ya kusomewa skrini watasomewa hiyo nafasi, kwa hivyo andika pale wazi kwamba iachwe tupu. Sisi tulimfungia nje jamaa mmoja asiyeona mara tatu kabla hatujagundua, na ile aibu bado naisikia.

Na usifunge anwani za IP, zile namba ambazo simu au kompyuta hujulikana nazo mtandaoni, kiholela, hasa hapa Kenya. Laini za simu zinagawana anwani, watu wengi mno wanatoka kwa mlango mmoja, ukimfunga spama aliye kwa bando umefunga na majirani zake wa Umoja na Kayole wasiojua chochote, yeye akizima simu akawasha anaweza kupewa anwani ingine. Pia hizo anwani na imeli ni data za watu, sheria ya 2019 ya ulinzi wa data ipo, kwa hivyo kabla ya kuzirusha kwa orodha za pamoja za dunia za kutaja spama fikiria mara mbili.

Kazi kubwa kwetu inafanywa na kitu cha zamani kabisa: posti mbili za kwanza za mgeni zinasubiri mtu azisome. Ni ya kuchosha ndio, lakini boti nyingi hazirudi kuangalia. Wajanja wanarudi. Hao wanaingia na "asante kwa ujumbe mzuri", wanakaa hata miezi miwili, wengine wananakili posti ya mwanachama wa zamani neno kwa neno, halafu siku moja wanahariri ile ya kwanza na kupachika linki, na kwa kua ni posti ya zamani hakuna anayeiona. Dawa yake ni kufunga kuhariri baada ya muda. Sisi tumeweka dakika thelathini, washairi wakanung'unika.

Kuna jirani anayeuza mitungi ya gesi, anabandika tangazo kila mahali, huyo nisikudanganye kwamba ni spama. Anaishi hapa na gesi tunanunua kwake. Tulimpa uzi wa Jumamosi wa matangazo akatulia. Anayeniumiza kichwa ni yule ajenti feki anayeingia inboksi za watu wanaotafuta nyumba, anataka pesa ya kuonyesha nyumba kwanza, tuma kwa hii namba, halafu anapotea. Huyo hana linki wala neno baya, ni mtu mzima anaandika na kidole chake, filta yako itamsalimia. Tuliondoa ujumbe wa faragha kwa wanachama wapya, na kila posti ya "natafuta bedsita" inatokea na onyo chini yake, basi. Imepungua, haijaisha.

Zamani tulikua tunawajua kwa Kiswahili kibovu, kile cha kutafsiriwa na mashine. Saa hii imegeuka, Kiswahili chao ni kizuri kupita chetu, "natumai ujumbe huu unawakuta mkiwa buheri wa afya", nani anaandika hivyo huku mtaani Pipeline? Nikaongeza alama za hatari kwa posti zenye usanifu wa kupitiliza na ikafanya kazi vizuri, mpaka ikamshika mwalimu mstaafu kutoka Lamu aliyehamia kwa bintiye huku, ambaye kumbe ndivyo anavyoandika siku zote. Alishikwa mara mbili. Malalamiko yake aliyaleta kwa shairi la beti nne, vina na mizani vimenyooka, na hilo pia likakwama kwenye foleni mpaka saa nne usiku nilipoliona nikaliachilia kwa mkono.