Mbegu uliyopewa na dada yako si haramu

Mawingu yakianza kutanda upande wa Ngong mwezi Machi, simu za ofisini kwetu hapa Nairobi hazitulii. Safari hii mama mmoja wa Dagoretti alikuja mwenyewe. Akafungua leso mezani: gorogoro moja ya maharagwe ya rosekoko, yamepakwa majivu yasiliwe na wadudu. Alipewa na dada yake kule Kirinyaga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikiyapanda haya nitashikwa?"

Hutashikwa, mama. Lakini hofu yake ina chanzo. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya marekebisho ya 2012, ilimtishia aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima wadogo 15 walikwenda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vilivyowazuia kuhifadhi, kugawana na kuuziana mbegu zao za asili. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa haki. Managu, saga na kunde tunazokula mjini zilitunzwa na akina mama kwenye vibuyu kabla hatujawa na afisa hata mmoja wa mbegu.

Udhibiti nao una kazi yake. Ugonjwa wa mahindi wa MLN ulipoonekana Bomet mwaka 2011, mashamba mazima yalikauka, na mbegu ni mojawapo ya njia unazosambaa. Tena kuna watu wanaochukua mahindi ya kawaida, wanayapaka rangi na kuyatia kwenye pakiti kama mbegu. Hao ndio wa kuwindwa. Ukinunua pakiti kwenye agroveti, kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na utume namba iliyofichwa kwa SMS kwenda 1393. Utajibiwa kama mbegu ni halali. Usione haya kufanya hivyo ukiwa bado dukani.

Ipo tofauti moja ambayo wengi hawajaelezwa. Mahindi ya haibridi, yaani yaliyozalishwa kwa kuchanganya aina tofauti, usiyarudishe shambani kama mbegu. Uzao wake hutawanyika, mmoja mrefu, mwingine mfupi, na mavuno hushuka. Maharagwe hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Ila chagua mbegu kutoka kwa mimea yenye afya tangu ikiwa shambani. Mmea wenye majani ya mabaka na yaliyojikunja huenda una virusi, na virusi hivyo hupitia kwenye mbegu. Kausha mpaka punje uking'ata ivunjike, isibonyee.

Kisha zijaribu. Hesabu punje 100, zipange kwenye gazeti lililoloweshwa, likunje, uliweke mahali penye joto na usiache likauke. Siku ya saba fungua uhesabu zilizochipua. Zikifika 80, panda bila wasiwasi. Zikiwa 60 hadi 79, ongeza punje kwenye kila shimo. Chini ya hapo, hizo ni za kupika.

Yule mama alinihesabia punje 100 kabla ya kufunga leso yake. Nimezikalisha juu ya kabati la ofisi wiki nzima, nikizinyunyizia maji kila asubuhi. Jana nilimpigia: 91 zimechipua. Akaniambia mashimo alishachimba.